Kwa nini mimi na mke wangu hukosana kila tunapofika Mtwapa?

#1 Mkaaji wa Mkomani

Assalamu aleikum nyote.

Nina jambo ambalo nimelichunguza kwa miaka minne na sijapata ufumbuzi wake. Mimi na mke wangu tunaishi kisiwani Lamu, na gari letu, kama ilivyo ada ya watu wa kisiwa, huwa tunaliacha Mokowe kwa mlinzi. Mara mbili au tatu kwa mwaka tunavuka kwa boti alfajiri, tunalifuta gari vumbi, na kiasi cha saa moja asubuhi tunashika njia kwenda Mombasa kupumzika siku nne tano. Safari yenyewe ni tamu. Hindi na Witu tunapita tukizungumza, Gamba na Garsen tukicheka, Malindi tunakula na kuswali Adhuhuri, na Kilifi tunatazama maji kutoka juu ya daraja. Lakini tukishafika Mtwapa, katika kile kipande cha kilomita kiasi cha 15 kinachobaki kabla ya daraja la Nyali, lazima tukosane. Si ugomvi wa kutukanana, la hasha; ni ule wa majibu mafupi, wa kugeuza uso dirishani na wa "fanya upendavyo". Tukishavuka daraja, haipiti saa mbili tuko ufukoni Mama Ngina tunakula viazi karai na kachri za mhogo, tunatazama meli zikiingia Kilindini, na hakuna anayekumbuka chanzo kilikuwa nini. Wakati wa kurudi tunapita palepale na hakuna linalotokea.

Nimehesabu safari tisa. Saba tulikosana Mtwapa, moja Shanzu, na moja hatukukosana kwa sababu mke wangu alikuwa amelala. Ninaomba maelezo ya watu wenye uzoefu, na si dua peke yake.

#2 Dereva wa Mokowe

Wa aleikum salaam. Ndugu yangu, hapa hakuna fumbo. Ninaendesha gari la abiria katika njia hiyo, na ninakuhakikishia kwamba adui yako ni foleni. Tangu kipande cha Witu kitiwe lami, mtu anatoka Mokowe hadi Garsen mguu umelala juu ya mafuta, akisimama katika vizuizi vya polisi tu, na kutoka Garsen hadi Kilifi mambo ni yaleyale. Mwili unazoea mwendo huo kwa saa sita. Kisha ghafla unaingia Mtwapa, ambako barabara ya kwenda Mombasa imekuwa ikipanuliwa kwa miaka kadhaa sasa, kuna vumbi, kuna michepuko ambayo wiki iliyopita haikuwapo, bodaboda wanapita kulia na kushoto kama dagaa, na unakwenda kilomita moja kwa dakika ishirini. Mtu yeyote aliye karibu nawe wakati huo atakuwa ndiye mkosaji, awe mke, awe utingo. Mimi hugombana na utingo wangu palepale, na hatujaoana.

#3 Binti Langoni

Nimecheka sana, lakini sishangai, kwa maana watu wa Mkomani hupenda kutafuta sababu za mbali wakati sababu imekaa mapajani mwao. Kaka yangu, mmekula Malindi kiasi cha saa sita. Mtwapa mnafika saa ngapi? Je, njiani mnasimama Kilifi kununua korosho, au unapita mbio huku mwenzako akizitazama zile pakiti zikirudi nyuma dirishani? Jibu swali hilo kwanza, kisha tuendelee.

#4 Mkaaji wa Mkomani

Bi Langoni, Mtwapa tunafika kiasi cha saa tisa u nusu. Kilifi hatusimami. Ninaona kwamba tukisimama tutakuta foleni kubwa zaidi mbele. Ni kweli kwamba aliwahi kuniambia, "Zile korosho," nami nikamwambia kwamba Mombasa zipo tele. Sikudhani kwamba jambo hilo lina uzito.

#5 Mwalimu wa Jiografia

Kabla hatujamhukumu mtu kwa sababu ya korosho, ninaomba tulitazame jua. Kutoka Malindi hadi Mombasa barabara inaelekea kusini, ikipinda kidogo magharibi. Saa tisa alasiri jua liko magharibi, yaani upande wenu wa kulia, na kwa kuwa katika nchi yetu usukani uko kulia, anayechomwa ni dereva peke yake. Abiria wa mbele amekaa kivulini na anapata upepo wa baharini. Baada ya saa mbili za hali hiyo, dereva ana mkono mmoja uliokaangwa na kichwa kinachogonga, na mwenzake, ambaye hajapata taabu hata chembe, anamwuliza kwa sauti ya upole mbona amenyamaza. Watu wawili wamekaa katika gari moja, lakini wamesafiri katika hali mbili za hewa.

Mkisafiri Desemba au Januari, wakati wa kaskazi, huwa ni vibaya zaidi, kwa sababu jua liko kusini mwetu, na alasiri linaingia moja kwa moja kwa kioo cha mbele.

#6 Mpwani wa Malindi

Mwalimu, ninakuheshimu, lakini hesabu yako ina tundu. Wakati wa kurudi wanaelekea kaskazini, na ninadhani wanaondoka asubuhi. Jua la asubuhi liko mashariki. Ukielekea kaskazini, mashariki ni kulia. Basi dereva anachomwa tena, na mwenye uzi amesema kwamba wakati wa kurudi hawakosani.

Mimi nitasema jambo ambalo watu wa huku tunalijua tangu zamani, kwamba tatizo ni Mombasa yenyewe. Mwaka 1498 Vasco da Gama alifika Mombasa kwanza, mambo yakaharibika hata kabla hajashusha mzigo, akang'oa nanga akaja kwetu Malindi, akapokewa vizuri na akapewa rubani wa kumfikisha Bara Hindi. Ushauri wangu ni kwamba mkifika Malindi mkatulia, msiendelee. Tunazo viazi karai.

#7 Kijana wa Shela

Mnazunguka mbuyu. Yule bwana ni wa Lamu, na kama sikosei mkewe ni mtu wa Mombasa. Huu ni mwendelezo wa Vita vya Shela. Mwaka 1812 Mazrui wa Mombasa na watu wa Pate walikuja kutupiga, wakashindwa, na walipokimbilia vyombo vyao wakakuta maji yamekupwa na vyombo vimelala juu ya mchanga. Tangu siku hiyo mtu wa Mvita akimwona mtu wa Amu anakaribia mji wake, damu inamkumbusha.

#8 Mtembeza Wageni

Kijana wa Shela, mzaha wako nimeupokea, ila wanaosoma wasije wakadhani kwamba mwaka huo hauna ubishi, kwa maana wengine huandika 1812 na wengine 1813. Tena usije ukaongeza, kama nilivyowahi kukusikia ukiwaambia wageni pale gatini, kwamba tulijificha ndani ya Ngome ya Lamu. Ngome hiyo ilimalizika baada ya vita hivyo, kiasi cha 1821.

Nikirudi kwa mwenye uzi, je, ni kweli mkeo ni wa Mombasa?

#9 Mkaaji wa Mkomani

Ni kweli. Ni mzaliwa wa Kuze, Mji wa Kale. Tumeoana mwaka wa kumi na moja huu. Lakini mimi sikulitaja hilo kwa sababu nyumbani Lamu hatukosani namna hiyo, wala tukiwa Kuze kwao hatukosani. Ni Mtwapa tu.

#10 Nahodha Mstaafu

Wanangu, mimi ni mtu wa vyombo na nimesafiri Lamu na Mombasa kwa jahazi kabla barabara haijawa barabara. Nina maneno mawili.

La kwanza, chomboni watu hawagombani katikati ya bahari. Huko kila mmoja anamhitaji mwenzake, na maji hayana mahali pa kumteremsha mtu. Ugomvi huanza pale nchi inapoonekana. Mlango wa Kilindini ukishaonekana, mabaharia waliosaidiana siku tatu wanaanza kudaiana tumbaku. Nimeliona jambo hilo mara nyingi, kusi na kaskazi, na sikuwahi kupata mtu wa kunieleza sababu yake.

La pili, zamani safari ya gari ilikuwa na mapumziko yake. Kilifi kulikuwa na kivuko. Ulipenda usipende, uliteremka, ukasimama kando ya maji, ukanunua korosho na madafu, ukamtazama mwenzako usoni, kwa kuwa ndani ya gari watu wawili hutazama mbele tu kama waliogombana tayari. Mtwapa nako, kabla ya daraja, mamangu alinisimulia kwamba kivuko kilivutwa kwa mnyororo na wavutaji walikuwa wakiimba. Lilipojengwa daraja la Kilifi mwaka 1980, mapumziko hayo yakaondoka, na hakuna aliyeyafidia.

#11 Mtembeza Wageni

Nahodha wetu, shikamoo. Daraja la mwaka 1980 ni la Nyali, lililochukua nafasi ya lile la zamani la kuelea la mwaka 1931. La Kilifi lilifunguliwa mwaka 1991. Hoja yako haidhuriki. Kinachobadilika ni kwamba hata sisi wenye umri wa kati tumekiwahi kivuko hicho, na mimi ninakumbuka mama zetu wakiteremka kunyoosha miguu. Ila nami nina kumbukumbu nyingine, kwamba baba yangu na mama yangu waligombana humo humo kivukoni, mbele ya watu wote, kwa sababu baba alikuwa amesahau chupa ya chai Malindi.

#12 Nahodha Mstaafu

Marahaba. Nimesahihishwa, na nimekubali. Kuhusu chupa ya chai, hilo ni kosa la baba yako, halina uhusiano na kivuko.

#13 Mama Wanne

Nimesoma yote kwa utulivu na sijaona mtu aliyeuliza swali ambalo mwanamke yeyote angeuliza kwanza. Mkifika Mombasa mnafikia wapi?

Ninauliza kwa sababu ramani yenyewe inauliza. Kutoka Mokowe hadi Mtwapa barabara ni moja, na ukiwa Witu haikulazimu kuamua lolote. Ila ukishapita Mtwapa, ndipo njia zinapoanza kugawanyika. Wa Shanzu anateremka Shanzu, wa Bamburi na Kiembeni anakunja kwake, wa Kisauni kwake, na wa kisiwani ananyoosha hadi darajani. Kama mna jamaa pande mbili, basi kile kipande cha kilomita 15 ndicho mahali ambapo uamuzi mlioukwepa tangu gatini Lamu unawadai jibu. Mimi na mume wangu tulikuwa na ndugu yake Bamburi na shangazi yangu Kibokoni. Kwa miaka sita hatukuwahi kulizungumza jambo hilo nyumbani. Tulikuwa tunalizungumza kwa kunyamaza, kuanzia Kikambala.

#14 Mkaaji wa Mkomani

Bi Mama Wanne, umenishika pabaya. Kakangu anakaa Bamburi, na mama mkwe wangu yuko Kuze. Sisi huwa tunasema tutaona tukifika.

#15 Mama Wanne

Basi ndiyo hayo mnayoyaona mkifika.

#16 Mpwani wa Malindi

Hoja ya Mama Wanne ni nzito, lakini naongeza jambo moja ambalo nimelishuhudia katika gari la shemeji yangu, nalo ni simu. Watu wa Lamu wana tabia, na msikasirike, ya kumwagiza msafiri kila kitu kilicho chini ya mbingu. Huyu anataka leso za Mtaa wa Biashara, huyu anataka viungo vya Marikiti, na huyu anataka pampu ya mashine ya boti. Maagizo hayo hayaji wakati mnaondoka, kwa sababu alfajiri watu wamelala. Yanakuja alasiri, watu wameshakula na wamekumbuka kwamba fulani leo yuko safarini. Shemeji yangu alipokea simu nane kati ya Kikambala na Shanzu, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiendesha, aliyezijibu ni mkewe, akikubali kila agizo kwa heshima. Safari ya watu wawili ikageuka kuwa ya mji mzima. Waligombana, naam, lakini waligombana kwa niaba yetu.

#17 Fundi Injini

Ninasoma kutoka Mokowe, ambako magari yenu yanalala miezi mitatu bila kuwashwa na kisha mnashangaa betri imekufa. Nitasema lile ambalo wanaume wenzangu hawatalisema. Mtu wa kisiwani haendeshi gari kila siku. Kisiwani kwetu njia zetu ni za miguu na za punda, na magari ni ya kuhesabika. Mtu huyo akishika usukani mara tatu kwa mwaka, njia ya Witu haimwogopeshi kwa kuwa iko wazi. Mtwapa inamwogopesha. Kuna matatu zinazomsukuma kutoka nyuma, tuktuk zinazokatiza, na malori. Hofu ya mwanamume haina jina lake yenyewe. Hutoka nje ikiwa imevaa kanzu ya hasira. Mkewe, ambaye ni mtoto wa Mombasa na alizaliwa ndani ya kelele hizo, anamwambia, "Ingia tu, atakupisha," na neno hilo linatosha kuharibu siku.

Jaribu jambo moja. Kama mkeo ana leseni, mwachie usukani kuanzia Kilifi.

#18 Binti Langoni

Fundi amesema. Nimempenda.

Ila ninataka kutoa mfano wangu unaokataa maelezo yenu karibu yote. Mimi na mume wangu hukosana Gongoni, kwenye mashamba ya chumvi, kabla hata ya kufika Mambrui. Hapo hakuna foleni, jua bado liko utosini, hakuna njia panda, hakuna jamaa, na simu hazijaanza kulia. Kuna chumvi tu na upepo. Tumekosana hapo mara nne. Naomba mtaalamu yeyote anieleze.

#19 Kijana wa Shela

Dada, labda ni njaa ya korosho.

#20 Dereva wa Mokowe

Bi Langoni amenifanya nifikiri upya, na ninaomba niyarekebishe yale niliyoyasema juu, pasipo kuyatupa. Sisi wa njia hii tunajua kwamba kipande cha kutoka Hindi hadi Gamba si barabara kama barabara nyingine. Katika miaka ya baada ya 2014, kwa hofu ya mashambulizi, magari yalikwenda kwa msafara, yakisindikizwa na askari, na abiria walishuka kila kizuizi kuonyesha vitambulisho. Mwishoni mwa 2023 mafuriko yakaikata barabara upande wa Gamba, na watu wakakwama huku na huku. Mtu aliyeizoea njia hiyo anaipita akizungumza na kucheka, lakini mabega yake yamepanda hadi masikioni na mwenyewe hana habari. Yale mazungumzo matamu ya Witu, ambayo mwenye uzi ameyasifu, huenda yalikuwa namna ya kutosikiliza ukimya wa msitu.

Sasa mabega hayo hushuka wapi? Kwa Bi Langoni yanashuka Gongoni, mara tu Tana inapobaki nyuma. Kwa mwenye uzi yanashuka Mtwapa. Nina abiria mmoja, mama mtu mzima, ambaye kila safari hulia kidogo tukishavuka daraja la Sabaki, kisha hujifuta macho na kununua embe. Sijawahi kumwuliza. Ninadhani watu wawili wanaojizuia pamoja kwa saa tatu hawawezi kujiachia kwa pamoja bila kugongana.

#21 Mwalimu wa Jiografia

Maelezo ya Dereva ni mazuri na yamenigusa. Hata hivyo sikubali kwamba la jua limekwisha. Mpwani alisema kwamba wakati wa kurudi jua liko upande wa dereva vilevile. Ni kweli, lakini jua la saa moja asubuhi si jua la saa tisa alasiri, na hadi lipate ukali wake wao wameshapita Malindi. Mwenye uzi atuambie, mkono wake wa kulia ni mweusi kuliko wa kushoto au sivyo?

#22 Mkaaji wa Mkomani

Ni mweusi zaidi, Mwalimu. Nimeupima mchana huu kwa kuuweka kando ya wa pili, na mke wangu ameniuliza ninafanya nini.

#23 Mkaaji wa Mkomani

Ninarudi baada ya wiki tatu, kwa kuwa tumekwenda na tumerudi salama, alhamdulillahi. Niliamua kuyajaribu maelezo yenu yote kwa mpigo mmoja, na ninaona sasa kwamba hilo lilikuwa kosa la kitaalamu.

Usiku wa kabla ya safari tulikubaliana kwamba tutafikia Kuze siku tatu na Bamburi siku moja. Tulipofika Kilifi tulisimama nusu saa nzima, tukateremka, tukatazamana usoni kama alivyoagiza Nahodha, na tukanunua korosho pakiti nne. Simu yangu niliizima. Kisha mke wangu, ambaye ana leseni tangu kabla hatujaoana, akashika usukani, nami nikahamia upande wa kivuli, korosho mkononi, upepo usoni. Sikuwa na jua, sikuwa na njaa, sikuwa na hofu wala maagizo.

Tulikosana Vipingo, kabla hata ya Mtwapa, katikati ya mashamba ya mkonge. Chanzo ni kwamba nilisema, "Tuta," palipokuwa na tuta. Akasema analiona. Nikasema sikumaanisha kwamba halioni. Tuta la pili nilinyamaza, akaniuliza mbona safari hii sikusema.

Mtwapa tulipita salama, kwa kuwa tulikuwa hatusemezani.

#24 Binti Langoni

Korosho zenyewe zilikuwa na chumvi au hazikuwa nayo? Kama zilikuwa na chumvi na hamkuwa na maji garini, jaribio hilo halihesabiki.

#25 Mwalimu wa Jiografia

Nami ninauliza, mbingu ilikuwa wazi au ilikuwa na mawingu? Wakati huu wa mvua za masika jua hufichika, na jaribio linalofanywa pasipo jua haliwezi kulikanusha jua.

#26 Mzaliwa wa Kuze

Salaam kwenu nyote, na shikamoo Nahodha. Mimi ndiye mke anayezungumziwa. Nilimwona akipima mikono yake, nikajua kuna jambo, na nimeyasoma yote kuanzia juu.

Kwanza, ninamshukuru Bi Langoni kwa ajili ya korosho. Pili, namwambia Kijana wa Shela kwamba sisi wa Mvita maji hayakutukupwia, tuliyaacha yapumzike.

Tatu, mume wangu ni mtu mkweli na hesabu zake anaziandika, lakini amekosea mahali. Sisi hatukosani Mtwapa. Tunakosana gatini Lamu, alfajiri, anaponiuliza mara ya tatu kama nimefunga mlango wa nyuma, tayari tumeshapanda boti na nahodha anasubiri. Yeye anauliza kisha anasahau. Mimi ninalibeba swali hilo. Mokowe nalinyamazia kwa sababu gari halijawaka. Hindi hadi Gamba nalinyamazia kwa sababu alizozitaja Bwana Dereva, naye amezisema vizuri kuliko ambavyo mimi ningeweza. Tukifika Mtwapa ninavisikia vijana wa matatu wakiita "Mombasa, Mombasa", na hapo moyo wangu unajua kwamba hata nikiteremshwa papo hapo nitafika kwa mamangu kabla ya Magharibi. Basi ninamjibu lile swali la alfajiri. Yeye anadhani ninaanza, kumbe mimi ninamaliza.

#27 Nahodha Mstaafu

Mwanangu, marahaba, na Mungu akuhifadhi. Nilisema kwamba ugomvi huanza pale nchi inapoonekana.

#28 Dereva wa Mokowe

Kwa heshima, Bi Kuze, matatu za Mombasa zipo tangu Malindi, na pale stendi wanaita kwa sauti kubwa kuliko Mtwapa. Kama sababu ni kupata gari la kukufikisha kwenu, mbona humjibu Malindi?

#29 Mzaliwa wa Kuze

Malindi anakula pilau. Mtu aliye mbele ya pilau hasikii, na mimi sipendi kusema jambo mara mbili.

#30 Fundi Injini

Naomba nirudishe suala la Vipingo, kwa maana halijajibiwa. Siku hiyo Bi Kuze ndiye aliyekuwa akiendesha, na aliyeanza, kwa ushahidi wake mwenyewe, ni mume, kwa neno "tuta". Hilo si swali la mlango. Ninabaki na rai yangu kwamba ni hofu, ila sasa ninaongeza kwamba hofu ya kuendesha ni ndogo kuliko hofu ya kuendeshwa.

#31 Mkaaji wa Mkomani

Nimesoma. Kuhusu mlango wa nyuma, nilikuwa sijui. Ninauliza mara tatu kwa sababu mwaka wa kwanza wa ndoa yetu tulirudi tukakuta mbuzi wa jirani jikoni.

#32 Mzaliwa wa Kuze

Mbuzi huyo aliingia kwa mlango wa mbele.

#33 Kijana wa Shela

Uzi huu usifungwe.

#34 Mama Wanne

Nimefurahi kwamba angalau suala la Kuze na Bamburi mmelipanga nyumbani. Nimesikia kwamba mtakwenda tena kabla ya Idi. Tafadhali, nitahitaji leso jozi mbili za Mtaa wa Biashara, za rangi ya buluu isiyokolea. Jina lake nitawapigia niwaambie mkiwa njiani, alasiri hivi.

#35 Mkaaji wa Mkomani

Bi Mama Wanne, jina la leso liandike hapa hapa, kwa maana simu nitaizima Kilifi.